Mafaili mawili ya ukoo mmoja yanapogoma kuungana

Wewe umekaa na wazee Tanga ukijaza majina kwenye programu kwa miaka kadhaa. Mtoto wa baba yako mkubwa, aliye Muscat, naye amekuwa akijaza ya kwake kwa programu nyingine. Mnatumiana mafaili, unabofya kuingiza, na mti uliokuwa na watu 300 unakuwa na watu 600. Ukianza kusafisha, mambo yanazidi kuharibika: mtoto anahamia kwa mama asiye wake, babu anakuwa mjukuu wa nafsi yake, na jina la Mũthoni linasomeka MÅ©thoni.

Mwongozo huu unakwenda kwa dalili. Mifano mingi ni ya Gramps, kwa kuwa ni ya bure na inapatikana kwa Windows, Mac na Linux, lakini dalili ni zilezile ukitumia RootsMagic, Legacy au Family Historian. Mafaili yenyewe ni ya GEDCOM, yenye kiishio cha .ged, muundo ulioanzishwa miaka ya 1980 na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho ili programu za nasaba ziweze kupeana data. Utakutana na toleo la 5.5, la 5.5.1, na mara chache la 7.0 lililotoka 2021.

Kuna jambo moja la kushika kabla ya mengine. Mtu aliyebaki mara mbili ni kero tu; unaweza kumuunganisha hata mwakani. Watu wawili tofauti waliofanywa mmoja ni balaa, maana wake, watoto, vyeti na maelezo yao vimeshachanganyika na hakuna atakayekumbuka kipi kilikuwa cha nani. Ukiwa na shaka, waache wawili.

Kila mtu yupo mara mbili

Programu haijaharibika. Gramps inapoingiza GEDCOM huongeza watu wote wa faili jipya juu ya waliopo, bila kuuliza nani ni nani. Kabla ya kuanza hukuonya kwamba historia ya kutengua itafutwa, yaani hutaweza kurudi nyuma kwa kubofya. Wengi hupita onyo hilo bila kulisoma.

Dawa yake ni kutofanya kazi hii ndani ya mti wako halisi. Toa nakala ya mti wako, iweke pembeni na kwenye flashi, kisha fungua mti mpya mtupu. Ingiza humo faili lako kwanza, halafu la ndugu yako, na ugomvi wote umalizikie humo. Ukiwa tayari umeshaingiza kwenye mti halisi na huna nakala, usianze kuunganisha watu 300 kwa mkono usiku huohuo. Angalia kwanza kama hukuingiza faili lilelile mara mbili. Hutokea sana mtu anapodhani mara ya kwanza haikukubali. Kwenye orodha ya watu panga kwa tarehe ya mabadiliko ya mwisho, na kundi lililoingia kwa pamoja mara nyingi litajitenga lenyewe, ulifute.

Programu haiwaoni waliojirudia

Hapa ndipo muda mwingi unapopotea, na chanzo ni jina. Ndani ya GEDCOM jina huandikwa hivi:

1 NAME Salim Juma /Abdallah/

Kilichomo kati ya mikwaju miwili ndicho programu inachokiita jina la ukoo, na programu nyingi huanza kutafuta hapo; wasiofanana ndani ya mikwaju hawafiki hata kwenye mizani. Kwa familia ya Kiingereza, ambako jina moja hushuka kutoka kwa babu hadi kitukuu, utaratibu huu unafaa. Kwetu Abdallah ni jina la babu wa Salim tu. Baba yake ni Juma Abdallah Hamad, mwanawe ni Ali Salim Juma. Vizazi vitatu, na kwa macho ya programu, koo tatu. Sasa ongeza kwamba wewe ulimwandika Salim /Juma/ kwa kufuata cheti cha shule, na ndugu yako kamwandika kwa nisba ya kabila kama wafanyavyo Oman. Mashine itawezaje kujua kwamba ni mtu mmoja?

Kubalianeni kanuni moja kabla ya kuunganisha chochote. Ninayoipendelea ni hii: ndani ya mikwaju liingie jina la ukoo au nisba kama kweli ipo na inatumika; kama haipo, mikwaju ibaki mitupu na majina yote matatu yakae mbele yake. Majina mengine ya mtu huyohuyo yasitupwe. GEDCOM inaruhusu mtu mmoja awe na mistari kadhaa ya NAME, na wa kwanza ndio hutumika kama jina kuu. Gramps nayo ina mahali pa kueleza kwamba jina limetokana na la baba, na ni vizuri kupatumia, ingawa ukitoa faili kwenda programu nyingine maelezo hayo yanaweza kupotea.

Halafu kuna tahajia. Muhammad, Mohamed, Mohamedi. Yohana kwenye daftari la ubatizo, John kwenye pasipoti. Jina kama Ng'ang'a lina ugonjwa wake wa pekee: kompyuta huandika kistari kilichonyooka na simu huweka kilichopinda, hivyo kwa jicho ni jina moja na kwa programu ni majina mawili. Tafuta kistari kilichopinda katika nakala ya faili kwa kihariri cha maandishi, ukibadilishe chote kwa mpigo. Kina mama wameandikwa vibaya kuliko wote, "Mama Asha" bila jina jingine. Hapo hakuna programu itakayokusaidia. Ni kupiga simu tu.

Programu inawaona wasiojirudia

Gramps inakupa chaguo la kutumia Soundex, njia ya kugeuza jina kuwa msimbo kwa jinsi linavyotamkwa, unapotafuta waliojirudia, na programu nyingine zina kitu cha aina hiyo. Soundex ilipewa hataza Marekani mwaka 1918, ikiwa imetengenezwa kwa majina yanayotamkwa Kiingereza. Inabakiza herufi ya kwanza ya jina, inatupa irabu pamoja na h, w na y, kisha inazipa konsonanti zilizobaki namba kwa makundi.

Ijaribu kwa majina yetu. Khamis inapata K520. Hamisi inapata H520. Jina moja, misimbo miwili, kwa sababu tu ya herufi ya kwanza. Lakini Hamisi, Hamza na Hamisa, mwanamke, wote ni H520. Amina na Amani wote ni A550. Na sasa chukua pacha waliopewa majina ya Hassan na Hussein, kama ilivyo kawaida kwa Waislamu wengi: wote wawili ni H250, baba mmoja, mama mmoja, siku moja ya kuzaliwa, mahali pamoja. Alama watakazopewa zitakuwa juu kabisa ya orodha, na ukiwa umechoka utabofya kuunganisha bila kufikiri, na mmoja wao atafutika kwenye ukoo. Kulwa na Doto, Wasswa na Kato, Opiyo na Odongo wana nafuu kidogo kwa kuwa majina yao hayafanani, ila siku, wazazi na mahali bado vinawaponza.

Mtego mwingine ni somo. Wakikuyu humpa mtoto wa kwanza wa kiume jina la babu mzaa baba, na wa pili jina la babu mzaa mama. Kwa hiyo mzee mwenye wana watano wa kiume anaweza kuwa na wajukuu watano wenye jina lake, wa rika moja, wilaya moja. Pwani Ali Salim huzaa Salim Ali, naye huzaa Ali Salim mwingine. Zipo pia familia ambazo mtoto akifariki mchanga, anayefuata huitwa kwa jina lake.

Kwa hiyo jina lililofanana lisihesabiwe kuwa ushahidi. Programu inalinganisha majina na tarehe, navyo ndivyo vitu ambavyo kumbukumbu za ukoo zetu hazina uhakika navyo. Tulichonacho kwa uhakika ni uhusiano: mama ni nani, ametoka kwa nani, watoto ni wangapi, nani alimfuata nani. Bibi aliyesahau mwaka wake wa kuzaliwa atakutajia wadogo zake saba kwa mpangilio bila kusita. Kabla ya kukubali kwamba watu wawili ni mmoja, taka mama awe yuleyule pamoja na ndugu wasiopungua wawili waliofuatana vilevile. Mwenzi wa ndoa akilingana, bora zaidi. Hili linawezekana kwenye dirisha lolote la kuunganisha, maana huonyesha watu wawili sambamba na jamaa zao; shida ni kwamba macho hukimbilia jina na tarehe juu, na jamaa wako chini.

Tarehe zinapishana

GEDCOM inataka tarehe ya namna hii: 3 APR 1961. Miezi ni vifupisho vya Kiingereza hata kama programu yako inaonyesha Kiswahili. Mtu aliyehariri faili kwa mkono akaandika "3 Aprili 1961" ameandika maneno, si tarehe. Programu itayahifadhi lakini haitayahesabu. Ile ya 03/04/1961 ni mbaya zaidi kwa sababu haileti kosa lolote: kwetu ni tarehe 3 Aprili, kwa ndugu aliyejaza akiwa Marekani ni tarehe 4 Machi. Ukiona watu wengi wamepishana kwa siku na mwezi kubadilishana, na hakuna hata mmoja aliyepishana ambaye siku yake inazidi 12, ugonjwa ni huo.

Mtu mwenye umri wa miaka 640? Angalia mwaka. Ukiwa 1380 au karibu na hapo, ni mwaka wa Hijria uliosomwa kama wa kawaida. 1380 ilianza katikati ya 1960. Gramps inaijua kalenda ya Kiislamu na unaweza kuichagua mtu kwa mtu. Lakini orodha ya kalenda za GEDCOM 5.5.1 ina ya Gregori, ya Juliasi, ya Kiyahudi na ya Mapinduzi ya Ufaransa, na ya Hijria haimo. Hivyo kabla ya kutoa faili, geuza tarehe iwe ya kawaida na ile ya asili iandike kwenye maelezo.

Tarehe 1 Januari na 1 Julai zitazame kwa jicho la pili. Wengi waliojaza fomu bila kujua siku yao walipewa mojawapo ya hizo, na programu huzihesabu kama tarehe kamili zilizolingana. Zigeuze kuwa ABT 1950, yaani takriban. Kwa "mwaka wa Uhuru" uliza kwanza msemaji alikuwa upande gani wa mpaka: ukoo wenye watu Tanga na Mombasa utapata 1961 kwa mmoja na 1963 kwa mwingine, na kila mmoja yuko sahihi.

Majina ya mahali yana shida ndogo ya aina hiyohiyo. Usumbura na Bujumbura, Elisabethville na Lubumbashi, kwa programu ni miji minne. Unganisheni mahali kwanza, watu baadaye. Inapunguza kelele nyingi.

Mtoto ana wazazi wanne, au mama wawili

Wanne ni rahisi. Umeunganisha mtoto na hujaunganisha wazazi, kwa hiyo anazo familia mbili alikozaliwa. Unganisha baba na baba, mama na mama, kisha angalia kama bado zimebaki familia mbili za wanandoa haohao. Zikibaki, ziunganishe nazo. Anzia na wanandoa unaowajua bila shaka yoyote, ushuke kwa watoto.

Mama wawili ndipo penye kazi. Rekodi ya familia katika GEDCOM ina nafasi ya mume mmoja na mke mmoja. Mzee mwenye wake watatu anatakiwa kuwa na familia tatu, kila moja na watoto wake. Kama wewe ulifanya hivyo na ndugu yako aliwaweka watoto wote 14 chini ya bi mkubwa, ukiunganisha utapata watoto waliosajiliwa kwa mama wawili. Programu haiwezi kuamua, itabakiza zote. Fungua kila mtoto, umtoe kwenye familia isiyo yake. Kama mpangilio wa kina mama haujulikani, watoto wawili wa mama mmoja waliopishana miezi minne au mitano wanakuambia kwamba mmoja wao ni wa mke mwingine, ikiwa tarehe zenyewe ni za kuaminika.

Chanzo kingine hakimo kwenye kompyuta kabisa. Shangazi aliyepigiwa simu na kuulizwa "ndugu za baba ni nani?" atataja na watoto wa baba mdogo, kwa sababu kwake ni ndugu. Aliyesema "baba yangu Hamisi" huenda anamtaja mdogo wa baba yake. "Mama mdogo" anaweza kuwa mdogo wa mama na anaweza kuwa mke wa pili wa baba. Aliyekaa na karatasi upande wa pili wa simu anaandika kaka, baba, mama, na faili linapokuja kwako ndugu wa tumbo moja wamekuwa kumi na wawili badala ya watano. Kila familia yenye ndugu waliozidi kati ya mafaili mawili iulizwe swali moja la wazi: baba mmoja mama mmoja? Hata kama yatakuwa maswali hayohayo kwa mzee yuleyule wiki nzima.

Na mtoto aliyelelewa na bibi asiwekwe kama aliyezaliwa na bibi. Kwenye kiungo chake cha familia kuna PEDI, mstari wa kueleza aina ya kiungo hicho, ambao unapokea birth (wa kuzaliwa), adopted (wa kuasiliwa) au foster (wa kulelewa). Wazazi waliozaa na walezi wanaweza kukaa wote bila kugombana, mradi kila kiungo kimeelezwa.

Programu inakataa kuunganisha, au vizazi vinajizungusha

Gramps hukataa kuunganisha mzazi na mtoto wake, na mume na mkewe, mpaka kwanza uvunje uhusiano wao. Watu hukasirika wakauvunja. Usiuvunje. Ujumbe huo maana yake uliowachagua tayari wameunganishwa kama baba na mwana mahali fulani katika mti, na pengine uko karibu kumfanya Ali Salim mkubwa na mdogo kuwa mtu mmoja.

Ukaguzi huo hauzuii babu na mjukuu. Wakishaunganishwa mti unajizungusha: ukifuata baba wa baba unarudi kwa yuleyule, na chati ya wahenga inaning'inia au inarudia majina bila mwisho. Rudi kwenye nakala ya mwisho iliyo safi. Ndiyo sababu ya kutoa nakala mpya kila unapomaliza tawi moja. Kama nakala hakuna, tengeneza mtu mpya mtupu, fungua faili la asili pembeni, uhamishe kimoja kimoja: mzazi, mke, watoto, matukio. Ukimaliza, tumia zana ya kukagua na kurekebisha hifadhidata, halafu ile ya kuhakiki data, ambayo itakuorodheshea mama aliyezaa akiwa na miaka 9 na mtu aliyezikwa kabla ya kufa.

Mtoto ameingia kwa watu baki kabisa

Kila mtu na kila familia katika GEDCOM ana namba:

0 @I12@ INDI
1 NAME Hussein /Juma/
1 SEX M
1 FAMC @F4@

I12 ni namba ya mtu, F4 ni ya familia, na FAMC inataja familia ambamo yeye ni mtoto. Namba hizo ni za ndani ya faili hilo tu. I12 yako ni Hussein, I12 ya ndugu yako ni mtu mwingine. Programu ikiingiza hutoa namba mpya, na kila kitu kinakaa sawa. Lakini aliyefungua mafaili mawili kwa Notepad akabandika moja chini ya jingine amepata I12 wawili na F4 mbili, na Hussein anaweza kuangukia familia yoyote. Hakuna kutengeneza hapo. Tupa faili hilo, mrudi kwenye mawili ya mwanzo.

Kwa sababu hiyohiyo kulinganisha mafaili kwa WinMerge au Meld, programu za kulinganisha maandishi mstari kwa mstari, kutakujaza rangi skrini nzima hata kama watu ni walewale: namba tofauti, mpangilio tofauti. Ukitaka kulinganisha kabla ya kuunganisha, Family Historian ina sehemu ya kuweka mafaili mawili sambamba na kukupendekezea nani ni nani. Kwa bure, fungua miti miwili ya Gramps, kila mmoja utoe CSV, yaani orodha ya jedwali, uziweke LibreOffice Calc uzilinganishe.

Herufi zimevurugika, maneno yameshikana, picha hazionekani

MÅ©thoni ni faili la UTF-8 lililosomwa kama la ANSI; hizo ni namna mbili tofauti za kuhifadhi herufi. Angalia mstari wa CHAR juu ya faili, unaotaja namna iliyotumika. Ukisema kitu tofauti na uhalisia, tunza nakala, rekebisha mstari huo na uingize upya. Usirekebishe jina moja moja baada ya kuingiza.

Maelezo marefu yenye maneno kama "alizaliwaPangani" yametokana na mistari ya CONC, ile inayoendeleza maandishi ya mstari wa juu yake. Toleo la 5.5.1 lina kikomo cha urefu wa mstari, hivyo maelezo hukatwa vipande, na programu iliyokata penye nafasi imeipoteza nafasi hiyo. Toleo la 7.0 limeiondoa CONC. Kama programu zenu zote mbili zinalijua, tumianeni hilo.

Picha hazikuwahi kuwemo. GEDCOM 5.5.1 hubeba njia tu, kama C:\Picha\babu.jpg, na njia hiyo iko kwenye kompyuta ya Muscat. Wote mkiwa na Gramps tumianeni kifurushi cha .gpkg, ambacho hubeba na picha zenyewe. Vinginevyo tuma folda nzima pamoja na faili. Ukipitisha WhatsApp, zitume kama hati zilizobanwa ndani ya zip; zikitumwa kama picha za kawaida zinapunguzwa ubora na kupewa majina mapya, na babu.jpg haitapatikana tena popote.